Makao ya Jamaa: Kiwanja cha Bondeni

Sajini mmoja wa kambi ya Bombo, aliyebakiwa na miaka miwili tu kabla ya kupewa kiinua mgongo chake, alichukuliwa na dalali mwezi wa Februari kwenda kutazama kiwanja karibu na Matugga. Jua lilikuwa kali, udongo umekauka hata umepasuka, majani yamefyekwa vizuri, na kwenye pembe nne zimesimikwa fito za kuonyesha mipaka. Upana wake futi 50, urefu wake futi 100, na bei yake nusu ya bei ya kiwanja cha ukubwa huo huo kilichoko mlimani. "Afande," dalali alimwambia, "ukingoja mwisho wa mwezi utakuta mwenzako amekwisha chimba msingi." Sajini alirudi kambini akihesabu tofali njia nzima.

Mkewe hakubisha. Alisema tu, "Baba watoto, naomba nami nikaone kabla hujatoa pesa."

"Utaona nini, mama? Kiwanja ni kiwanja."

"Ndipo nitakapopika. Acha nikaone."

Siku ya Jumamosi akapanda gari la abiria, akashuka, akauliza njia, akafika pale peke yake bila dalali. Aliyoyaona hayakuwa makubwa. Chini ya kifusi chekundu kilichomwagwa karibuni vilichomoza vishina vya mafunjo, vibichi bado. Ukutani mwa nyumba ya jirani, ambayo madirisha yake yalikuwa yameng'olewa, palikuwa na mstari wa tope kavu uliolingana na goti la mtu mzima. Mbele kidogo bibi kizee mmoja alikuwa akichota maji katika chemchemi. Yule mama akapiga magoti kumwamkia kama ilivyo desturi ya Buganda, akajitambulisha kuwa ni mke wa askari, kisha akamwuliza habari za mahali pale.

"Mwanangu, hicho kiwanja kimekwisha uzwa mara mbili nami nikiona," bibi akajibu. "Njoo mwezi wa Aprili. Utawakuta vyura ndio wenye nyumba."

"Na yule aliyejenga pale, jaja?"

"Alikuwa askari kama bwana wako. Alirudi kwao."

Jambo hili si la jamaa mmoja. Mji hukua zaidi ukingoni mwake kuliko katikati, na ukingoni ndiko askari wengi hupata ardhi wanayoiweza kwa mshahara wao. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 iliwakuta Kampala watu 330,700. Mwaka 2002 walikuwa 1,189,142, na mwaka 2014 walizidi milioni moja na nusu. Lakini mwenye kutaka kujua mji unakokwenda asiitazame Kampala yenyewe, bali aitazame Wilaya ya Wakiso inayouzunguka mji huo karibu pande zote. Mwaka 2002 Wakiso ilikuwa na watu 907,988. Mwaka 2014 walikuwa 1,997,418. Na hesabu ya mwaka 2024 iliwakuta wamezidi milioni 3. Nansana, Kira, Kajjansi, Gayaza na Bulenga ni mahali ambapo wazee walio hai hata leo walilima migomba na mibuni, na sasa mabati yanang'aa toka kilima hadi kilima.

Watu milioni mbili na zaidi wamefika katika muda wa miaka 22, na walio wengi walifika kabla ya barabara, kabla ya bomba la maji, kabla ya mtaro, na kabla ya mtu yeyote kuchora mahali pa shule au pa watoto kucheza. Sababu zake ni za siku nyingi. Mapatano ya mwaka 1900 kati ya Uingereza na Buganda yaliigawa ardhi kwa maili za mraba, nusu yake ikawa ya Kabaka, wakuu na watu mashuhuri, na ndipo lilipotoka jina la mailo. Maili moja ya mraba ni eka 640. Mwenye mailo aliweza kuwakaribisha wapangaji wa vibanja, na warithi wake waliweza kugawana na kuuza vipande vipande. Tena kwa muda mrefu Kampala ilikuwa kama miji miwili iliyolala kitanda kimoja: upande mmoja mji wa serikali ya kikoloni wenye ramani, upande wa pili Kibuga cha Mengo chini ya serikali ya Buganda. Miji hiyo iliunganishwa mwaka 1968. Sheria ya mipango ya miji ya mwaka 1964 ilishika mahali palipotangazwa tu kuwa pa kupangwa, na kwingineko mwenye ardhi alifanya apendavyo. Ni Sheria ya mwaka 2010 iliyotangaza kwamba nchi nzima ya Uganda, toka mjini hadi kijiji cha mwisho, ni mahali pa kupangwa. Lakini wakati huo Nansana ilikuwa imekwisha jengwa.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna aliyepata kufikiri juu ya ukingo wa mji huu kabla haujajaa. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimwita Mjerumani mmoja, Ernst May, aupangie mji nafasi mpya upande wa mashariki, katika vilima vya Kololo na Naguru. Habari za mtu huyu zastahili kusimuliwa. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Kuanzia mwaka 1925 alikuwa mkuu wa ujenzi wa mji huo, wakati ambapo watu walikuwa wamesongamana vyumbani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka mitano yeye na wenzake walijenga nyumba zaidi ya 10,000. Mwaka 1930 alikwenda Urusi kupanga miji ya viwanda. Wanazi walipotwaa utawala kwao hakuweza kurudi, akaja Tanganyika mwaka 1934, akawa mkulima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi ya usanifu wa majumba Nairobi. Vita Kuu ya Pili ilipozuka Waingereza walimtia kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Vita vilipokaribia kwisha, Waingereza hao hao ndio waliomwomba ramani ya Kampala.

Kule Frankfurt kazi yake iliyojulikana sana ni mtaa uitwao Römerstadt, uliojengwa ukingoni mwa mji miaka ya 1927 na 1928, juu ya bonde la mto Nidda. Nyumba zilipangwa kwa safu mtelemkoni, zikifuata mwinuko wa ardhi. Bondeni chini, ambako mto ulikuwa ukifurika, hakujengwa nyumba. Palifanywa bustani ambazo jamaa walilima mboga na matunda, pakawa na njia za kutembea na nafasi ya watoto. Mtu aliyetoka kazini alikula mboga aliyoilima mwenyewe, na mafuriko yalipokuja yalikuta majani tu. Akili ile ile May aliileta Kampala. Ramani yake ilizipeleka barabara zizunguke vilima badala ya kuvipanda moja kwa moja, ili maji ya mvua yasizigeuze kuwa makorongo. Nyumba zikawekwa mitelemkoni, na mabonde yakaachwa wazi yawe ya majani, ya michezo na ya kupitisha maji.

Mpango huo ulikuwa na doa lisilofichika. Makao yaligawanywa kwa rangi za watu: Mwafrika aliwekewa Naguru, Wazungu na Wahindi wakawekewa Kololo, na lile bonde la majani liliwatenga watu kama lilivyotenga maji. Tena ni sehemu tu iliyojengwa kama ilivyochorwa. Nyumba za Naguru na Nakawa zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikaliwa na vizazi vya wafanyakazi, na mwaka 2011 wakazi wake waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili pajengwe mji mpya. Miaka mingi baadaye sehemu kubwa ilikuwa bado vichaka. Mwenye kuusoma mpango wa May hana budi kuutenga ubaya wa wakati ule na shauri lenye akili. Na shauri lenye akili lilikuwa moja: mlima wajengwa, bonde laachwa.

Kutoka Frankfurt kuna jambo jingine linalowahusu akina mama wa kambini moja kwa moja. Miongoni mwa wenzake May alikuwamo mwanamke msanifu, Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Vienna, ambaye mwaka 1926 alichora jiko lililopata sifa duniani. Upana wake ulikuwa mita 1.9 na urefu mita 3.4, yaani chumba kidogo kuliko vyumba vingi vya kambi. Kabla ya kuchora alipima hatua za mwanamke akipika: toka kwenye sinki hadi jikoni, toka jikoni hadi kabati, toka kabati hadi mezani. Kisha akavipanga vyote ili mpishi ageuke tu bila kutembea. Vyombo vya kutilia unga, mchele na sukari vilipangwa ukutani kila kimoja mahali pake, na mlango wa kusukuma kando ulimwezesha mama kuwaona watoto walioko chumba cha pili. Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa. Wengine walilalamika baadaye kwamba yalikuwa membamba mno, hata mtu wa pili hakuweza kuingia kusaidia, na lalamiko hilo lina haki yake, hasa katika nchi ambazo binti hujifunza kupika kwa kukaa karibu na mama.

Mke wa konstebo anayekaa katika kibanda cha mabati cha polisi, akipikia sigiri mlangoni huku moshi ukiingia kitandani, aweza kuuliza: mambo ya Frankfurt yamhusu nini? Yamhusu hivi. Nyumba ya ukingoni hujengwa kidogo kidogo, chumba kimoja mwaka huu, kingine mwaka ujao, na kwa kawaida jiko na choo hufikiriwa mwisho, vikatupwa penye nafasi iliyobaki. Matokeo yake choo huchimbwa juu ya chemchemi, na jiko hukaa upande ambao upepo huleta moshi ndani. Anayechora kwanza jiko, choo, tangi la maji ya mvua na kamba ya kuanikia nguo, hata kama ni kwa kijiti chini mchangani, atajua kabla ya kununua kama kiwanja kinamtosha. Choo cha shimo chapasa kuwa mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 na zaidi, tena upande wa chini. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100, urefu wote ni mita 30 na nusu. Basi mwenye kisima katika kiwanja kama hicho amekwisha mnyima jirani yake nafasi ya choo, au jirani amekwisha mwekea choo kando ya kisima.

Na hesabu ya kiwanja chenyewe yafaa kufanywa kwa kalamu. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Ikiwa ni mraba kamili, kila upande ni futi 208 na inchi chache. Muuzaji hupanga safu mbili za viwanja vya futi 100, zikawa futi 200, na kila safu ina viwanja vinne vya futi 50. Amepata viwanja vinane, na katikati pamebaki ukanda wa futi 8 tu na kidogo. Ukanda huo ndio barabara. Lori la mchanga hupenya kwa shida. Likikutana na pikipiki, mmoja arudi nyuma. Gari la zima moto likija, litasimama mwanzoni mwa njia na askari wake wataburuta mipira. Mtaro hauna mahali, bomba la maji litapita chini ya msingi wa mtu, na nguzo ya umeme itasimama mlangoni. Endapo tangu mwanzo ingetengwa barabara ya futi 30, kila mnunuzi angepungukiwa na futi zipatazo 11 katika zile 100, akabaki na 89. Futi 11 ni nafasi ya migomba miwili au mitatu. Hiyo ndiyo gharama ya barabara siku ya kwanza. Baada ya miaka kumi gharama yake ni kubomoa kuta, kulipa fidia na kesi mahakamani, na kwa kawaida barabara haipatikani.

Ni vigumu kumlaumu muuzaji peke yake. Mnunuzi naye huulizia futi 100 kama aulizavyo kilo ya nyama, na akiambiwa 89 huona ameibiwa.

Sasa turudi kwenye maji, maana ndiyo yanayotisha zaidi. Kampala imesimama juu ya vilima, na kati ya vilima pana vinamasi vya mafunjo. Maji ya upande wa kaskazini na magharibi huingia katika kinamasi cha Lubigi, yakaenda mto Mayanja, na mwisho wake ni Nile. Maji ya katikati ya mji hupita Nakivubo, kisha kinamasi cha Nakivubo, hadi ghuba ya ziwa Viktoria, na si mbali na hapo ndipo Ggaba, ambako maji ya kunywa ya mji huvutwa na kusafishwa. Mafunjo huyapunguza maji kasi, hushika tope, na hunyonya sehemu ya uchafu kabla haujafika ziwani. Kila kipande kinachofukiwa kwa kifusi huyasukuma maji yakatafute mahali pengine, na mahali hapo huwa nyumba ya mtu. Wakazi wa Bwaise wanajua. Mvua ya saa mbili huwafanya wapandishe magodoro juu ya meza. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua kubwa za El Niño zilipofurika vyoo vya mabondeni, kipindupindu kiliingia Kampala na maelfu ya watu wakaugua.

Sheria haina shaka juu ya jambo hili. Katiba ya mwaka 1995 inaviweka vinamasi, mito na maziwa katika amana ya serikali kwa faida ya raia wote, na kanuni za mwaka 2000 zinakataza kujenga ndani ya mita 200 za ukingo wa ziwa Viktoria. Lakini Barabara ya Kaskazini ya kuzunguka mji, yenye kilomita 21, iliyofunguliwa mwaka 2009, ilipitishwa ndani ya Lubigi, na watu walipoona serikali imefukia njia yake wengi walidhani ruhusa imetolewa kwa wote. Mwaka 2024 Mamlaka ya Taifa ya Mazingira iliingia Lubigi na matingatinga. Waliobomolewa walitoa karatasi za mauzo zenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Karatasi zilikuwa za kweli, mhuri ulikuwa wa kweli, na ardhi ilikuwa ya maji. Miongoni mwa waliopeleka polisi kusimamia ubomoaji wa namna hiyo na miongoni mwa wanaobomolewa huenda wamo watu wa ukoo mmoja. Jambo hilo askari hawalizungumzi sana wakiwa kazini, bali hulizungumza nyumbani.

Ukingo wa mji una deni jingine, nalo ni takataka. Mwaka 1996, wakati jaa la Kiteezi lilipofunguliwa upande wa kaskazini wa mji, mahali pale palikuwa shamba. Mji ukaenda ukakutana nalo. Nyumba zikajengwa hadi chini ya mlima wa takataka, kwa kuwa viwanja vya pale vilikuwa rahisi, na mlima nao ukazidi kupanda. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka ukazifukia nyumba pamoja na watu waliokuwa wamelala. Waliokufa walizidi 30, wakiwamo watoto. Ramani yoyote inayopanga makao ya watu bila kupanga mahali pa kutupa uchafu wao, na bila kuweka umbali kati ya viwili hivyo na kuulinda, ina kasoro ya kuua.

Nafasi ya majani huhesabiwa na wengi kuwa anasa. Bonde la Kitante, kati ya Nakasero na Kololo, liliachwa kuwa uwanja wa gofu tangu enzi za ukoloni, na kwa muda mrefu aliyelifaidi alikuwa mwenye vijiti vya gofu. Hivyo mwananchi wa kawaida akazoea kudhani kwamba majani ni ya matajiri. Kigali wamejaribu kwa njia nyingine. Kinamasi cha Nyandungu, kilichokuwa kimeharibiwa kwa shughuli za watu, kilisafishwa, kikapandwa miti, kikachimbwa vidimbwi vya kupokea maji ya mvua, na mwaka 2022 kikafunguliwa kuwa bustani ya watu ya zaidi ya hekta 100. Maji yanapita, watoto wanatembea, na hakuna dalali anayeweza kusimika fito ndani yake bila kuonekana. Hilo la mwisho ndilo la maana. Bonde lisilo na kazi iliyo wazi huitwa pori, na pori huuzwa.

Mwenye kununua ukingoni anao uwezo wa kujikinga, ingawa si kwa kila jambo. Hati ya ardhi huchunguzwa katika ofisi ya ardhi kwa malipo madogo, na huko hujulikana jina la mwenye mailo na kama pana rehani. Kibanja kikiuzwa, yapasa mwenye mailo akubali, kwani asipokubali mnunuzi amenunua ugomvi. Mpimaji aliyesajiliwa huyatafuta mawe ya mipaka, na fito si mawe. Ofisi ya mipango ya wilaya ina ramani inayoonyesha vinamasi na barabara zinazokusudiwa, na nyumba haina budi kupata kibali kabla ya kujengwa. Sheria ya Ardhi, kadhalika, haimruhusu mume kuuza ardhi ambayo jamaa hukaa na kupata riziki bila idhini ya mkewe, wala mke bila idhini ya mumewe. Askari anayenunua kwa mtu amwulize muuzaji, mama yuko wapi? Zaidi ya yote kiwanja kitazamwe mvua ikinyesha. Kiangazi huficha mengi.

Yule sajini hakufurahishwa na taarifa za mkewe. Alisema vyura hawajamshinda mtu, na kwamba kifusi cha lori kumi kitamaliza habari. Mama hakujibu. Alingoja. Wiki ya pili ya Aprili mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi akamwomba bwana wake wafuatane. Walipofika, fito mbili zilikuwa zimeelea, na nyingine mbili hazikuonekana. Sajini alisimama na viatu vyake vya kazi, maji yakamfika juu ya vifundo. Alitazama ule mstari ukutani mwa nyumba isiyo na madirisha. Kisha akasema, "Mama, twende zetu," na dalali alipopiga simu jioni hakupokea.

Mwaka huo hawakununua kitu. Mwaka uliofuata sajini na wenzake saba, watatu kati yao askari wa polisi, walichanga pesa wakanunua eka moja juu ya mtelemko, yenye hati, mbali kidogo na barabara kuu na ghali zaidi. Kabla ya kugawana walimwita mpimaji. Mke wa sajini alikuwa amekwisha chora katika daftari la shule la mtoto wake: barabara ya futi 30 katikati, na zile futi 8 zilizobaki ubavuni, upande wa chini, zikawa za mtaro na safu ya miti ya mituba. Wanawake wa jamaa sita walikubali siku ile ile, na waume zao wakafuata. Wa saba alitaka kujua kwanza nani atauzibua mtaro, akaambiwa ni kwa zamu.

Wa nane ni konstebo, tena kijana mwenye adabu. Yeye asema alilipa pesa za futi 100, na futi 100 ndizo anazozitaka. Wameketi naye mara tatu. Mara ya tatu mke wa sajini alimpikia matoke, akamtengea, na alipokwisha kula akamwuliza, "Mwanangu, mkeo akishikwa na uchungu usiku, gari litapita wapi?" Konstebo alinawa mikono, akashukuru kwa chakula, akasema atafikiri. Mawe ya mipaka ya viwanja saba yamekwisha wekwa. La nane liko chini ya mwembe, linamngoja.